Majivu ya bure hayadumu kuwa bure

Katika vitabu vya mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe, majivu yaliandikwa kwa muda mrefu upande wa hasara. Yanakula ardhi na maji, na yakimwagika humtia mwenyewe katika gharama kubwa. Desemba 2008, ukuta wa bwawa la majivu ulipobomoka huko Kingston, Tennessee, nchini Marekani, zaidi ya lita bilioni 4 za tope zilimwagika. Gharama za kusafisha zilipita dola bilioni 1.

India imejitahidi kuyahamishia majivu upande wa mapato. Makaa ya nchi hiyo yana majivu ya asilimia 30 hadi 45, na mitambo yake hutoa zaidi ya tani milioni 200 za majivu kwa mwaka. Mwaka 1999 serikali iliamuru watengenezaji wa matofali waliokuwa ndani ya kilomita 50 za mtambo wachanganye angalau asilimia 25 ya majivu katika udongo wao. Umbali huo uliongezwa kuwa kilomita 100 mwaka 2003, kisha 300 mwaka 2016. Desemba 2021 ikawekwa faini ya rupia 1,000 kwa kila tani ambayo mtambo utashindwa kuitafutia matumizi.

Wanunuzi wakubwa ni viwanda vya saruji. Viwango vya India vinaruhusu majivu kufikia asilimia 35 ya saruji ya aina ya pozolana. Kila tani ya majivu inayoshika nafasi ya klinka huokoa fueli ya tanuru na hupunguza hewa chafu.

Mwenye mtaji mdogo naye aliona mlango. Majivu, chokaa au saruji, mchanga na jasi huchanganywa, hushindiliwa kwa mashine, kisha tofali humwagiwa maji mpaka likomae. Halichomwi, kwa hiyo hakuna gharama ya kuni wala makaa. Hesabu hiyo ilivutia kwa sababu malighafi kuu ilitolewa bure.

Hapo ndipo pa kuangalia. Septemba 2021 Wizara ya Umeme ya India iliagiza mitambo igawe majivu kwa njia ya zabuni. Mwenye mashine moja ya matofali akajikuta akigombea mzigo mmoja na kiwanda cha saruji. Serikali ilifanya vema kumbana mwenye taka, lakini haikupaswa kumwacha mdogo apimwe kwa mizani ya mkubwa. Fungu maalumu kwa ajili ya watengenezaji wadogo wa matofali lingelinda ajira bila kuvuruga soko.

Kuna hatari nyingine ya kukosa mzigo kabisa. Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Pale moto unapozimwa, majivu mapya nayo hukoma, na anayeyategemea hubaki kuagiza kutoka nje au kuchimbua marundo ya zamani.

Kwa Afrika Mashariki hesabu ni tofauti. Viwanda vya saruji vya Kenya hutumia pozolana ya asili itokanayo na volkano, ambayo hufanya kazi ileile. Leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa uliopangwa Lamu ilifutwa na mahakama ya mazingira mwaka 2019. Atakayekuja na majivu ya kuuza atakuta mwenzake yupo sokoni tayari.

Kabla ya kununua mashine, mwekezaji na aulize mambo matatu. Je, kuna mkataba wa miaka mingapi, na kwa bei gani? Je, nauli ya lori itakula faida? Je, majivu yamepimwa, maana yenye kaboni nyingi isiyoungua huharibu zege? Asiyepata majibu kwa maandishi na aiache fedha yake benki. Mali bila daftari hupotea bila habari.