Fidia ya Raia Wafanyao Kazi ya Jeshi Ng'ambo

Kuanzia mwaka 2005 maelfu ya Waganda, baadhi yao askari na polisi waliokwisha kustaafu, walikwenda Irak kulinda kambi za jeshi la Marekani. Walishika bunduki, lakini hawakuwa askari wa nchi ile. Walikuwa raia walioajiriwa na makampuni ya ulinzi. Mtu wa namna hiyo akirudi na jeraha, jamaa zake hudhani kwamba asiye na namba ya jeshi hana haki ya kudai chochote. Dhana hiyo si sahihi, nayo huweza kuinyima nyumba chakula cha miaka mingi.

Mwaka 1941 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Defense Base Act, ambayo ingali ikitumika. Sheria hiyo huwahusu raia wanaofanya kazi katika kambi za Marekani ng'ambo, wawe Wamarekani au wageni. Mwajiri hana budi kuwakatia bima. Mfanyakazi akiumia, bima hulipa gharama za matibabu, naye ana haki ya kujichagulia daktari. Maradhi ya akili yaliyoletwa na kazi hiyo nayo yamo.

Tuchukue mfano wa mlinzi aliyekuwa akipata wastani wa dola 150 kwa juma. Asipoweza kabisa kufanya kazi, hulipwa theluthi mbili ya mshahara, yaani dola 100 kila juma. Akipoteza mguu, hulipwa kiasi hicho kwa majuma 288. Akifa kwa sababu ya kazi, mjane asiye na watoto hupata nusu ya mshahara, yaani dola 75 kwa juma. Mwenye watoto hupata, pamoja nao, dola 100. Gharama za maziko hulipwa pia, zisizozidi dola 3,000.

Hapa familia ziwe na hadhari. Kwa marehemu ambaye jamaa zake wanaishi nje ya Marekani, fidia ni ya mke au mume na watoto. Ikiwa hawapo, hupewa baba au mama aliyekuwa akitunzwa na marehemu katika mwaka uliotangulia ajali. Kaka na ami hawamo. Kwa hiyo mjane asikubali kunyang'anywa cheti cha ndoa wala vyeti vya kuzaliwa vya watoto katika siku za matanga, kwani hivyo ndivyo ushahidi wake. Ajue pia kwamba sheria inaruhusu malipo ya wakaao nje ya Marekani yafungwe kwa mkupuo mmoja, kwa nusu ya thamani ya yale yaliyobaki. Basi asitie sahihi karatasi asiyoielewa.

Adui mwingine ni muda. Mwajiri apewe taarifa ya maandishi katika siku 30. Madai yenyewe yapelekwe katika mwaka mmoja tangu ajali au kifo. Na kama bima ilikwisha kuanza kulipa, mwaka huo huhesabiwa tangu malipo ya mwisho. Kwa maradhi yatokanayo na kazi na kujitokeza polepole, muda ni miaka miwili tangu mtu alipotambua kwamba kazi ndiyo iliyoyaleta. Madai hupelekwa katika Wizara ya Kazi ya Marekani. Wakili haruhusiwi kumtoza mdai ada ambayo haikuidhinishwa. Anayetaka fedha kwanza aogopwe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayejiandaa kusafiri kwa kazi ya namna hii aache nyumbani nakala ya mkataba, jina la kampuni iliyomwajiri na la kampuni ya bima, pamoja na nakala ya pasipoti. Kila mwezi aweke hati ya mshahara, maana fidia hupimwa kwa mshahara huo. Akiumia, hata kidogo, aandikishe ajali hiyo siku ile ile na kudai nakala.

Karatasi hizo zitiwe katika sanduku moja, na mke aonyeshwe ufunguo ulipo kabla mume hajapanda ndege.