Masharti ya Kabare za Ufukweni

Kila apitaye njia ya ziwa toka Bujumbura hata Rumonge, na kuendelea mpaka Nyanza-Lac, huona kabare nyingi kando ya maji. Jumamosi na Jumapili watu huja kula mukeke wa kuchoma, kunywa, kuogelea na kucheza muziki. Jambo hili si baya. Wapishi, wahudumu, wapiga muziki na wauza samaki hupata riziki yao humo. Lakini ugomvi nao haukosekani. Majirani husema kelele zimezidi, mwenye kabare husema ruhusa anayo, na wakubwa wa komini huitwa kuamua wakati hasira zimekwisha kuwaka. Nataka kusema machache juu ya ugomvi huo, maana naona twaupima kwa kipimo kisichokuwa chake.

Kipimo tunachokitumia ni saa ya kufunga. Nchi jirani nazo zimefanya vivyo hivyo. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010, iliagiza mabaa yauze pombe tangu saa 11 jioni hata saa 5 usiku siku za kazi. Rwanda iliamuru kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2023 mahali pa starehe pafungwe saa 7 usiku siku za kazi, na saa 8 usiku Ijumaa na Jumamosi. Fikira ni moja: mchana watu wako kazini, usiku wamelala, basi usiku ndio ulindwe. Kwa karani na mwalimu fikira hiyo ni ya haki. Je, kwa mvuvi wa Rumonge?

Mvuvi wa ndagala hufanya kazi yake usiku. Hutoka jua likitua, huwasha taa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi taa za betri, ili ndagala wakusanyike, naye hurudi alfajiri. Samaki wakiisha kuuzwa, hulala mchana. Mbalamwezi ikiwa kali taa hukosa nguvu ya kuvuta samaki, hivyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Basi amri ya kunyamaza usiku, peke yake, humlinda mvuvi wakati hayumo nyumbani, kisha humwacha mchana na vipaza sauti juu ya kichwa chake.

Tena tukumbuke somo la jiografia juu ya pepo za ziwani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma toka ziwani kuja mjini. Usiku milima hupoa, na upepo hushuka kwenda ziwani. Sauti nayo huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo kabare iliyo ufukweni, mchana huwapelekea kelele waliolala, na usiku huwapelekea walio kazini, ambao hupasa kuitana mtumbwi kwa mtumbwi gizani. Maji hayana mti wala ukuta wa kuizuia. Mtu asiyepata usingizi mchana ataingia ziwani usiku akisinzia, na ziwa hili, ambalo kina chake kikubwa kabisa hufika mita 1,470, si mahali pa kusinzia.

Mwenye kabare atanijibu: "Mchana wa Jumapili ndipo wageni wa Bujumbura wanapokuja. Nikizima muziki nitakula nini? Na hao wavuvi, si ndio wateja wangu?" Jibu hili lina uzito, wala mimi sisemi kabare zifungwe. Nasema masharti yafuate mwezi. Katika majuma ya giza, vipaza sauti vya nje vinyamaze mpaka saa 9 alasiri, na muziki wa ndani uwe wa kiasi. Katika siku za mbalamwezi, mchana uachiwe muziki. Usiku wa siku zote iwepo saa ya kufunga, kwa ajili ya wagonjwa na watoto wanaosoma. Wengine watasema sharti kama hilo ni gumu kusimamiwa. Mimi naona ni rahisi, maana mwezi huonekana na kila mtu, naye mwenye kabare hawezi kusema hakupata habari.

Jambo la pili ni mahali penyewe. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 yahifadhi ukanda wa mita 150 toka ukingo wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 maji yalipanda yakaingia nyumba na mahoteli ya ufukweni, tukaona sote kwamba kipimo kile hakikuwekwa kwa mchezo. Tena mchanga huo huo ndipo ndagala wanapoanikwa. Kila meza inayosogezwa kwenye mchanga humwondolea mwanikaji nafasi yake. Kwa hiyo wavuvi na waanikaji hawana budi kukaa katika baraza linalotoa ruhusa, tangu siku ya kwanza, si siku ya malalamiko. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la mwisho, masharti yaandikwe. Rumonge ilikuwa chini ya mkoa wa Bururi, ikafanywa mkoa mwaka 2015, na kwa mpango mpya uliotumika mwaka 2025 ikawa katika mkoa wa Burunga, komini za nchi nzima zikapunguzwa toka 119 kuwa 42. Wakubwa wakibadilika hivi, ahadi ya mdomo huenda zake pamoja na aliyeitoa. Karatasi ya masharti, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ibandikwe mlangoni mwa kabare: saa za muziki, mahali pa vipaza sauti, mpaka wa meza, na jina la ofisi ya kupeleka malalamiko. Hapo jirani atajua haki yake ni nini, na mwenye kabare naye hatasumbuliwa na kila mtu ajaye na sharti jipya.

Nawaambia haya hasa ninyi mnaosoma sasa, na wenzetu waliokwisha toka shuleni, maana wengine wenu ndio makarani wa komini na wapimaji wa ardhi, na wengine mtakuwa. Siku mtakapoletewa ombi la kabare mpya, msiitazame saa ya ukutani peke yake. Ulizeni kwanza nani analala wakati gani. Mwenye maoni mengine na ayaandike, tuyasome.