Damu Yetu, Maabara ya Ugenini

Mwezi Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri linalogusa kila nyumba yenye binti: kwamba dozi moja ya chanjo yaweza kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, badala ya dozi mbili au tatu. Wengi wetu tulidhani, kama ilivyo mazoea, kwamba elimu hiyo ilizaliwa Ulaya ikaletwa kwetu. Sivyo. Sehemu muhimu ya ushahidi wake ilitoka Mwanza, na wananchi wa Igogo, ambao nyumba zao zimepanda juu ya mawe kulitazama ziwa, wana haki ya kulijua jambo hilo.

Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tawi la Mwanza, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi kilichoko Bugando na wenzao wa London, walianza kuwaandikisha wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Miongoni mwa watafiti hao walikuwamo John Changalucha na Saidi Kapiga. Wasichana waligawanywa katika makundi sita: wengine walipata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, za chanjo za aina mbili. Baada ya miaka 2, zaidi ya 97 katika kila 100 waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili, yaani silaha za damu zinazowapinga virusi. Kiasi hicho kililinganishwa na cha wanawake wa India na Costa Rica, ambako dozi moja ilikwisha kuonekana inakinga. Nao ndugu zetu wa Kenya, katika utafiti wao wenye wanawake vijana 2,275, walithibitisha mwaka huo huo wa 2022 kwamba dozi moja inazuia maambukizi.

Yupo atakayeuliza: kwa nini kazi hii ifanyike hapa? Jibu ni kwamba mwili hauishi peke yake. Mtoto wa kando ya ziwa hukua pamoja na malaria na kichocho, na magonjwa ya namna hiyo yaweza kubadili jinsi damu inavyoipokea chanjo. Chanjo iliyopimwa kwa watoto wa nchi za baridi tu haiwezi kutujibu swali letu. Lazima tuliulize wenyewe.

Na faida imeonekana. Mwezi Aprili 2024 serikali ilianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 nchini kote, ilhali tangu 2018 zilihitajika mbili. Muuguzi hana tena haja ya kumtafuta mtoto yule yule mara ya pili, na shehena ile ile ya chanjo yatosha kwa watoto mara mbili. Katika nchi ambayo wanawake wanaokadiriwa kuzidi 10,000 hupatwa na saratani hii kila mwaka, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, lipo linalotukera. Damu ilitolewa Mwanza, lakini kingamwili zake zilipimwa katika maabara ya Marekani. Fedha za utafiti zilitoka Uingereza na kwa matajiri wa Marekani, na chanjo zenyewe zilitengenezwa ng'ambo. Hatuwalaumu waliotusaidia, twawashukuru. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, ikatangaza pia kuacha kuichangia Gavi, mfuko unaozisaidia nchi kama yetu kupata chanjo. Kauli iliyotolewa mbali yaweza kulitikisa sanduku la barafu la zahanati yetu.

Nchi za Afrika zilikwisha kuahidiana kutenga asilimia 1 ya pato lao kwa utafiti. Ahadi ni deni. Twataka maabara za vyuo vyetu ziwe na vyombo vya kupimia kingamwili, na mtafiti kijana awe na ajira isiyokufa siku mradi wa mfadhili unapokwisha. Wala tusidai kila jaribio lizae matunda. Chanjo ya UKIMWI iliyojaribiwa katika nchi kadhaa, zikiwamo Uganda na Tanzania, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa kuwa haikuonyesha kukinga. Waliofanya kazi ile hawakupoteza muda. Waliuonyesha ulimwengu njia isiyopitika. Taifa linalolipia ushindi pekee halitapata watafiti, litapata wababaishaji.

Kwa wazazi wa Igogo tuna neno moja. Mtu akiwanong'oneza kwamba sindano hii ni majaribio ya wageni juu ya watoto wetu, mwambieni kwamba majaribio yalikwisha kufanyika, yalifanywa na wataalamu wetu pamoja na wenzao, na mabinti wa Mwanza pamoja na wazazi wao waliyakubali kwa hiari. Mabinti hao waliifundisha dunia. Ingekuwa aibu dunia ifuate somo lao, kisha mtoto wa mtaa wa jirani alikose.