Ametolewa duarani akiwa hai: kwa nini hatari bado haijaisha

Kila duara linapotitia huku kwetu, habari hufuata mkondo uleule: waliofukiwa ni wangapi, waliookolewa wangapi, waliofariki wangapi. Agosti 2025, watu 25 walipofukiwa katika mgodi wa Wachapakazi, Nyandolwa, wilayani Shinyanga, nchi nzima ilihesabu hivyo siku baada ya siku. Hesabu hiyo ina kasoro moja. Inaishia mdomoni mwa shimo. Mtu aliyebanwa na kifusi anaweza kutoka akiongea, akaomba maji, akapigiwa makofi, kisha akafariki usiku huohuo au siku chache baadaye akiwa wodini. Makala haya yanakueleza kwa nini, na ufanye nini wewe unayeishi au kufanya kazi machimboni.

Kwanza tutofautishe kufukiwa na kubanwa. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Watu waliita muujiza, na sikatai. Lakini wale walizibiwa njia tu. Walikuwa na nafasi, hewa na maji yaliyodondoka. Njaa iliwamaliza nguvu, ila mwamba haukulala juu ya mapaja yao. Aliyelaliwa na jiwe pajani kwa saa nne yuko kwenye hatari ya aina nyingine kabisa. Wakati mwingine hata saa moja inatosha.

Kinachotokea ni hiki. Nyama ya paja iliyokandamizwa hukosa damu na kuanza kufa. Jiwe likiwa bado juu yake, sumu inayotoka kwenye nyama hiyo hubaki imefungiwa palepale. Jiwe likiondolewa, damu hurudi mguuni na kuibeba sumu hadi mwili mzima. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo ndani ya muda mfupi sana. Protini ya misuli iitwayo mayoglobini huenda kuharibu figo, na madhara yake huonekana siku zinazofuata. Jambo hili si geni. Mwaka 1941 madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye nyumba zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani jijini London: mwanzoni walionekana wana nafuu, kisha figo zikagoma.

Kwa hiyo matibabu huanzia shimoni. Mwite mhudumu wa afya pale kazi ya kufukua inapoanza, usingoje mtu apatikane. Akiweza kumfikia majeruhi kwa usalama, amwekee dripu ya chumvi kabla jiwe halijaondolewa. Kwa mtu mzima huanza na takribani lita 1 kwa saa, halafu hupunguzwa muda unavyosogea. Wahudumu wenzangu, dripu ya Ringer ina potasiamu, hapa si mahali pake. Lakini kama duara linaendelea kumomonyoka, au kifua kimebanwa na mtu hawezi kupumua, mtoeni mara moja. Dripu itawekwa juu. Na usimfunge paja kwa kamba ukidhani unazuia sumu. Kufunga kwa kukaza ni kwa ajili ya damu inayomwagika kwa nguvu isiyozuilika kwa kugandamiza.

Utamtambuaje aliye hatarini, wakati ngozi yake huenda haina hata mchubuko? Angalia mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi au soda nyeusi, au ukikosekana kabisa kwa saa kadhaa, hiyo ni dharura. Shika mguu: ukivimba, ukawa mgumu kama ubao, na maumivu yakamfanya apige kelele unapomnyoosha vidole, misuli inajinyonga kwa ndani na anahitaji daktari wa upasuaji ndani ya saa chache. Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mifupa mizima kabisa. Isikutulize.

Tumbo nalo ni msiri. Kijana mwenye nguvu aliyegongwa na gogo la matimba ubavuni anaweza kuwa anavuja damu kwenye bandama huku presha yake ikisoma vizuri. Mapigo ya moyo huanza kwenda mbio kabla presha haijashuka. Maumivu ya bega la kushoto, bila bega lenyewe kuumia, ni dalili ninayoiogopa. Huyu apimwe kwa altrasaundi, na tumbo liguswe tena na tena, kwa sababu jibu la saa nne asubuhi si jibu la saa kumi jioni.

Yapo mambo tunayofanya kwa nia njema ambayo yanaua. Kumkanda kwa maji ya moto na kumchua mguu uliobanwa huongeza madhara. Sindano ya diklofenaki, ambayo maduka ya dawa machimboni huitoa kama pipi, huziumiza figo ambazo tayari zimelemewa. Kwa maumivu anaweza kupewa parasetamo akiwa njiani kwenda hospitali. Na kuna lile la kumficha majeruhi kwa kuwa duara halina leseni. Naelewa hofu hiyo, lakini figo hazisubiri mambo yatulie. Fomu ya polisi, PF3, ishughulikiwe mgonjwa akiwa tayari anahudumiwa.

Maoni yangu ni kwamba mipango yetu ya uokoaji inaegemea mno kwenye mashine. Katapila hupigwa picha. Chupa ya dripu hakuna anayeipiga picha. Mwenye leseni anayeweza kununua winchi anaweza pia kukubaliana na zahanati ya karibu nani ataitwa na gari gani litatumika. Kama uko kwenye kamati ya mgodi, uliza hilo kwenye kikao kijacho. Figo zikigoma kabisa, mgonjwa atahitaji kusafishwa damu kwa mashine, huduma inayopatikana Bugando, Mwanza, na safari hiyo ni ndefu kwa mtu aliyechelewa.

Unapompeleka hospitali, andika kwenye karatasi: alibanwa saa ngapi, sehemu gani ya mwili, alitolewa saa ngapi, amepewa dripu na dawa gani, na mara ya mwisho alikojoa lini na mkojo ulikuwa wa rangi gani. Karatasi hiyo mpe muuguzi wa mapokezi mkononi.