Usiku Mmoja wa Likoni

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko, wakawaua polisi 6. Aliyelala Jumatano akiwa na kazi na nyumba aliamka mkimbizi. Wengi walijihifadhi katika Kanisa Katoliki la Likoni. Watalii wakatoweka, hoteli zikafungwa, na wauza vinyago wa kisiwani wakabaki wakipangusa vumbi.

Uchaguzi Mkuu ulikuwa Desemba. Waliofukuzwa, watu wa bara, wengi wao walitarajiwa kuwapigia wapinzani kura. Sisi mawakili hudai ushahidi kwanza, na ni haki. Tume ya Jaji Akiwumi iliukusanya. Ripoti ya 1999 ikakaliwa hadi 2002. Waliotajwa humo walishtakiwa lini?