Shairi Lisivunjwe Ili Lienee Jedwalini

Vikundi vinavyokusanya tungo za Kiswahili, za kale na za leo, ili ziweze kutafutwa kwa bahari, kwa vina au kwa mtunzi, haviwezi kulikwepa swali hili: shairi lihifadhiwe kwa umbo gani ndani ya kompyuta? Hivi karibuni nimeletewa mpango wa namna hiyo niutolee maoni. Ulikuwa jedwali. Kila mshororo ulipewa mstari wake, na kila mstari visanduku vya lazima: ukwapi, utao, mizani nane, mizani nane, kina cha kati, kina cha mwisho.

Naupinga mpango huo, na naandika hapa kwa sababu wanaopaswa kuupinga kwanza ni watunzi, si mafundi wa kompyuta.

Tuutazame utenzi. Mshororo wake ni kipande kimoja cha mizani nane, kwa hiyo kisanduku cha utao kitabaki kitupu kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukawafi una vipande vitatu. Mwandamo utawekwa wapi? Na likija shairi huru, karibu visanduku vyote vitakuwa vitupu, na atakayesoma jedwali hilo baada ya miaka ishirini atadhani ni kazi iliyoachwa njiani. Tangu Kaluta Amri Abedi atoe kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Kezilahabi atoe *Kichomi* mwaka 1974, tumebishana mno juu ya nini ni shairi na nini si shairi. Mimi mwenyewe naegemea upande wa vina na mizani. Lakini siwezi kukubali kwamba hukumu ambayo mjadala wote ule haukuitoa, itolewe kimyakimya na kisanduku kilichowekewa alama ya lazima.

Iko njia nyingine, nami nimekuwa nikiitumia kwa mkusanyiko wangu wa tungo nilizokata magazetini. Ni hifadhidata ya nyaraka. Ninayoitumia ni MongoDB, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, nami huiendesha kwa lugha ya Python. Humo hakuna safu zilizopangwa kabla. Kila utungo ni waraka mmoja, na waraka hubeba sehemu zinazomhusu yeye tu. (Neno hili linanifurahisha. Wahenga wetu walipelekeana nyaraka za kishairi kabla ya kuwapo umeme.) Ndani ya Python waraka huo huandikwa kwa aina ya data iitwayo kamusi, yaani jina la sehemu na thamani yake:

utungo = {"aina": "tarbia", "beti": [{"kina_cha_kati": "ma", "kina_cha_mwisho": "ni", "mishororo": [...]}]}

mashairi.insert_one(utungo)

Mishororo imo ndani ya ubeti, beti zimo ndani ya utungo, kwa mpangilio uleule wa karatasini. Utenzi hauna kina cha kati, basi sehemu hiyo haiandikwi kabisa. Wala haionekani kuwa pengo. Shairi huru huwa na mafungu na mistari yake, likatosheka. Nakala za *Al-Inkishafi* zinazotofautiana kwa idadi na mpangilio wa beti huweza kukaa kila moja kwa hali yake, hati ya Kiarabu kando ya herufi za Kirumi. Wala tusihofie urefu: waraka mmoja wa MongoDB hauruhusiwi kuzidi megabaiti 16, nao *Utendi wa Tambuka*, wenye beti zaidi ya elfu moja za mizani 32 kila mmoja, maneno yake hayafiki hata sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Fundi hodari atanijibu kwamba majedwali nayo yanaweza: unda jedwali la tungo, la beti, la mishororo na la vipande, kisha uyaunganishe. Ni kweli. Misingi aliyoiweka Codd mwaka 1970 haijashindwa na shairi letu. Lakini shairi husomwa zima, na sioni faida ya kulikata vipande katika majedwali manne ili kila msomaji alishone upya. Palipo na haki ya jedwali, au angalau ya mkusanyiko wa pembeni, ni kwa mtunzi mwenyewe. Mtu aliyetunga tungo mia kwa lakabu tatu asinakiliwe mara mia. Aandikwe mara moja, na kila utungo umwelekee yeye.

Sasa niseme upande wa pili, maana wapo wanaousifu uhuru huu kana kwamba hauna gharama. Hifadhidata ya nyaraka hupokea kila kitu. Mmoja akiandika "kina_cha_kati" na mwenzake "kina_kati", zote zitaingia bila lalamiko, na siku ya kutafuta, nusu ya tungo hazitaonekana. Kompyuta haitasema kuna kosa. Itajibu tu kwamba hakuna. Ndiyo maana nasema nayo yataka arudhi. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2015, MongoDB inaruhusu kuwekewa kanuni zinazokagua muundo wa kila waraka unaoingia: utungo uwe na mwandishi, ukitajwa kina cha kati kiwe herufi, idadi ya mizani iwe namba. Kanuni hizo ziandikwe na baraza la watunzi. Fundi azitafsiri tu.

Hata kuuliza kunataka ujuzi wa ushairi. Chukua mtu anayetafuta ubeti wenye "ma" katikati na "ni" mwishoni. Akiyataja masharti mawili hivi hivi, ataletewa pia utungo wenye "ma" katika ubeti wa kwanza na "ni" katika ubeti wa tano, kwa sababu kila sharti limetimia mahali fulani. Ni lazima atumie $elemMatch, inayodai masharti yote yatimie ndani ya ubeti mmoja. Asiyejua kwamba vina huenda pamoja katika ubeti hataona hata kuwa majibu yake yamepotoka.

Linaloniuma zaidi ni utafutaji wa maneno. Faharasa ya maneno ya MongoDB ina orodha ya lugha inazozielewa, kuanzia Kideni hadi Kituruki. Kiswahili hakimo. Usipotaja lugha, huchukulia kwamba maandishi ni ya Kiingereza: "we" ya mtunzi anayemwita mwenzake hutupwa kwa kuwa ni neno dogo la Kiingereza, na miisho ya maneno yetu hukatwa kwa kanuni zisizotuhusu. Unaweza kuiambia isitumie lugha yoyote, nami nafanya hivyo, lakini hapo "alipenda", "nimependa" na "tutapendana" huwa maneno matatu yasiyojuana. Mzizi wetu umo katikati ya neno, na mzizi wa "kula" ni herufi moja tu.

Kwa hiyo katika kila ubeti nimeongeza orodha ya mizizi, naijaza kwa mkono. Ni kazi ya polepole. Jioni moja hunitosha kwa tungo tatu au nne. Ningeweza kuandika programu ikanisaidia kwa sehemu, lakini programu ikikutana na "kaa" haitajua ni la moto, la pwani, au ni kuketi. Na mara nyingi mtunzi amekusudia maana mbili kwa pamoja. Hapo naandika zote mbili, na orodha inazipokea.