Mtoto Akilia Usiku Akishika Sikio

Mama mpendwa, wewe uliyelea unakijua kilio cha sikio. Si kilio cha njaa. Mtoto anashika sikio, anakataa kunyonya, homa inapanda, na ukimlaza ndipo anazidi kulia.

Usiku wa namna hiyo jirani yangu hapa Songea, mtaa wa Bombambili, alimbeba mwanawe hadi zahanati. Mganga wa zamu aliunganisha na simu yake kifaa chembamba chenye taa na kamera nchani. Akalivuta sikio la mtoto taratibu kwenda nyuma na chini, akakiingiza kidogo tu. Wakatazama pamoja kwenye kioo cha simu. Wakaona nini? Mafuta! Mama alikuwa amemtilia mafuta ya kupikia ya uvuguvugu, kama mabibi zetu walivyotufundisha. Ikabidi sikio likaushwe kwanza kwa kitambaa safi kilichosokotwa, ndipo ngoma ya sikio ikaonekana, nyekundu na imevimba. Mama wa watu alilia.

Kwa kifaa cha zamani, anayechungulia ndiye pekee anayeona. Picha ya simu huiona mama pia, hutunzwa ilinganishwe na ya wiki ijayo, na huweza kutumwa kwa bingwa wa masikio. Kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na nauli mnaijua. Afrika Kusini wametengeneza kifaa cha aina hiyo kiitwacho hearScope. Huko Marekani, mwaka 2019, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington walionyesha kwamba simu yenye faneli ya karatasi huweza kutambua kwa mlio majimaji yaliyojificha nyuma ya ngoma.

Vifaa hivi sasa vinauzwa kwa yeyote, lakini mimi sishauri ununue. Mtoto akigeuza kichwa ghafla, unamjeruhi. Tena picha haionyeshi uvimbe nyuma ya sikio. Huo ukiuona, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usaha uliotoka siku 14 au zaidi umekuwa ugonjwa sugu, nao huiba usikivu polepole, mpaka mtoto anaitwa mkaidi shuleni kumbe hasikii.

Jirani alirudi siku ya tano kama alivyoagizwa. Ngoma ilikuwa imepoa. Chupa ya mafuta sasa iko jikoni, kwenye maandazi.